Je, Wajua? Diski Moja Ikifa, Zilizobaki Hukumbuka Yote

Je, wajua kwamba diski ngumu ya kwanza kuuzwa duniani ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja? IBM waliitoa Septemba 1956 pamoja na kompyuta yao ya RAMAC, ikiwa na sahani 50, kila moja na upana wa sentimita 61. Na kwa ukubwa wote huo, ilibeba herufi milioni 5 tu! Picha moja au mbili ulizopiga leo kwa simu zingeijaza hadi pomoni.

Bei je? Wateja wengi hawakununua, walikodi. Mfumo mzima ulikuwa dola 3,200 kwa mwezi, tena dola za wakati ule. Sasa itazame hiyo diski ya terabaiti 4 iliyolala chini ya meza yako, uiheshimu kidogo.

Ndani ya kasha

Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Gawanya kwa 60: mizunguko 120 kila sekunde. Kabla hujamaliza kutamka "moja", imeshazunguka zaidi ya mara mia.

Je, wajua ukingo wa sahani hiyo unakimbia karibu kilomita 130 kwa saa? Basi la abiria, Tanzania au Kenya, haliruhusiwi kuzidi 80. Diski yako inakwenda mwendo huo usiku na mchana, na hakuna trafiki wa kuisimamisha.

Ngoja, utamu ndio unaanza. Kichwa kinachosoma data hakiigusi sahani kabisa. Kinaelea juu ya utando wa hewa, kwa kimo cha nanomita chache tu. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi! Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake hakufungulii diski mezani pake: chembe ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi yote iliyopo.

Baadhi ya sahani hizo, hasa za diski ndogo za laptopu, ni kioo. Ndiyo, kioo! Diski ikianguka, ukaitikisa ukasikia vigae vikichezacheza ndani, usihangaike na programu ya kuitibu.

Igeuze diski yako uitazame vizuri. Nyingi zina kitundu kidogo, na pembeni yake onyo kwamba kisizibwe. Hapo ndipo hewa inapopita, ikichujwa, ili kichwa kipate cha kuelea juu yake.

Kama ni hewa, mlimani je? Watengenezaji wengi huandika kikomo cha mita 3,048 juu ya usawa wa bahari. Panda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu na kompyuta yako: kambi ya Mandara bado uko salama, ukifika Horombo umeshavuka mpaka. Nairobi, kwenye mita 1,800 hivi, hamna neno.

Dawa ya mlima ni gesi ya heli. Mwaka 2013 kampuni ya HGST ilianza kuuza diski iliyojazwa heli na kuzibwa kabisa, yenye sahani 7 na terabaiti 6. Heli ina uzito wa moja ya saba ya hewa, kwa hiyo sahani zinazunguka kwa ulaini na kula umeme kidogo.

Unaikumbuka ile picha ya kwanza ya shimo jeusi, ya Aprili 2019? Data yake haikutumwa kwa intaneti, ilikuwa nyingi mno. Petabaiti 5 hivi zilirekodiwa kwenye diski za heli zenye uzito wa karibu nusu tani, zikapandishwa ndege! Diski za Ncha ya Kusini zilikwama huko miezi kadhaa, kwa sababu majira ya baridi hayakuruhusu ndege kutua.

Na wanasayansi waliowezesha vichwa vya diski kusoma alama ndogo mno wakapata Nobeli. Ni Albert Fert na Peter Grünberg, Nobeli ya Fizikia, mwaka 2007. Kila unapofungua faili ya zamani, unaonja kazi yao.

Umoja wa diski

Je, wajua RAID, mbinu ya kuunganisha diski nyingi zifanye kazi kama moja, ilitikisa dunia kwa kurasa 8 tu? David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwasilisha andiko lao mwaka 1988. Hoja yao ilikuwa fupi: diski nyingi ndogo za bei nafuu zikiunganishwa zinaweza kuishinda diski moja kubwa ya bei mbaya.

Lakini walikuwa na tatizo, shika kiti. Diski waliyoipigia hesabu ilitarajiwa kudumu wastani wa saa 30,000. Unganisha 100, na wastani wa kusubiri ya kwanza ife ni saa 300. Hazifiki hata wiki mbili!

Kwa hiyo wakaweka akiba ya hesabu. Chukua kalamu tufanye pamoja. Diski ya kwanza imeandika 1, ya pili 0, ya tatu 1; ya nne inaandika tarakimu itakayofanya idadi ya moja iwe shufwa, yaani 0. Sasa ifute ya kwanza. Zimebaki 0, 1 na 0: kuna moja iliyo peke yake, idadi ni witiri, basi iliyopotea lazima ilikuwa 1. Umefufua data kwa kalamu!

RAID 5, mojawapo ya aina za RAID, inafanya hesabu hiyohiyo mamilioni ya mara kwa sekunde. Ndiyo maana diski moja ikifa, sinema inaendelea kucheza na wewe huna habari. Tena hesabu ya akiba haikai kwenye diski moja. Inazungushwa kwa zote ili mzigo usimwelemee mmoja.

Na unajua nani alitangulia? Norman Ken Ouchi wa IBM alipewa hataza mwaka 1978 ya kurejesha data ya chombo kilichokufa kwa kutumia vilivyobaki. Hiyo ni miaka 10 kabla ya Berkeley!

Nikuulize: diski 4 za terabaiti 4 zinakupa nafasi kiasi gani? RAID 0 inakupa 16, RAID 5 inakupa 12, RAID 6 inakupa 8. Ya kwanza haivumilii kifo hata kimoja, ya pili inavumilia kimoja, ya tatu inavumilia viwili.

Na usishtuke Windows ikikwambia diski yako ya terabaiti 4 ina 3.63 tu. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na tofauti inaongezeka kila hatua.

Taa nyekundu ikiwaka

Mwenye Linux, andika cat /proc/mdstat ubonyeze Enter. Ukiona [UUUU], kila U ni diski iliyo hai. Ukiona [UUU_], kistari hicho cha chini ndicho msiba wenyewe: nafasi ya nne haina mtu.

Je, wajua kosa la diski wakati mwingine si la diski? Kwenye ripoti ya SMART, yaani ripoti ya afya ambayo diski hujitunzia yenyewe, tafuta mstari wa 199. Ukipanda wakati mistari mingine imetulia, mshukiwa wa kwanza ni kebo. Kebo mpya inagharimu pesa kidogo sana ukilinganisha na diski mpya!

Ila hesabu hiyo ya 199 hairudi sifuri, hata ukibadilisha kebo. Iandike leo, uitazame tena baada ya wiki. Ikibaki palepale, umepona.

Kebo ya kawaida ya SATA ya ndani ya kompyuta imepangiwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 50 hivi. Hamsini tu! Wewe unayechomoa na kuchomeka kila ukisikia mlio, hesabu vidole vyako.

Mistari mingine ya kuitazama ni 5, 197 na 198. Ya 5 inahesabu sekta zilizokwisha kuhamishwa, ya 197 inahesabu zinazosubiri hukumu, ya 198 zilizogoma kusomeka. Namba ya 197 inaweza kushuka: ukiandika upya juu ya sekta hiyo na ikakubali, inasamehewa.

Je, wajua diski mpya kabisa, bado kwenye mfuko wake, tayari ina sehemu mbovu? Kiwandani zinapimwa, zinaorodheshwa na kufichwa, na sekta za akiba zinawekwa kando kwa siku za mbele. Kosa moja kwa hiyo si mwisho wa dunia. Makosa yanayoongezeka kila siku, hapo sasa!

Google waliwahi kufuatilia diski zaidi ya 100,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Diski ikipata kosa lake la kwanza la ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 uliruka mara 39 ukilinganisha na zisizo na kosa. Thelathini na tisa!

Lakini sikia na hili, kutoka utafiti uleule. Zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa na alama yoyote katika ishara nne kubwa za SMART. Ripoti safi, halafu kimya. Kwa hiyo ukiambiwa diski yako ni nzima, sema asante na uendelee kuwa macho.

Je, wajua diski nzima inaweza kufukuzwa kundini kwa sababu ya ubishi tu? Diski ya kawaida ikikwama kwenye sekta mbovu inaweza kung'ang'ana dakika mbili. Linux kwa kawaida inasubiri sekunde 30, inachoka, na inaweza kuitoa diski yote nje. Hapo diski haijafa, imechelewa kujibu!

Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya RAID hukata tamaa baada ya sekunde 7 hivi. Kukata tamaa haraka ni sifa yao! Diski ikisema "nimeshindwa", Linux inakokotoa data iliyokosekana kutoka kwa nyingine, inaiandika upya palepale, na sekta inapona bila wewe kuamka.

Kuamka? Kwa miaka mingi Debian, aina mojawapo ya Linux, ilikuja na ratiba ya kukagua RAID nzima Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa saba kasoro dakika tatu usiku. Wewe umelala, kompyuta inapekua kila sekta. Kama taa za diski zako huwa zinacheza usiku huo, sasa umejua.

Umechanganya kebo baada ya kupangusa vumbi? Usitokwe jasho. Kila diski ya RAID ya Linux imeandikwa kitambulisho chake ndani, kinachoanza na alama a92b4efc, na inajua yenyewe nafasi yake ni ya ngapi. Ichomeke popote, itajitambulisha.

Kila diski pia inatunza hesabu ya matukio. Iliyoachwa nyuma inaonekana mara moja, kwa sababu namba yake iko chini ya wenzake. Hiyo ndiyo namba ya kusoma kabla hujalazimisha kundi kuwaka tena.

Lakini jina la diski linaweza kukudanganya! Iliyoitwa sdb jana inaweza kuamka sdc leo. Amini namba ya utambulisho iliyochapishwa kwenye lebo yake, maana kuchomoa diski iliyo hai na kuiacha iliyo mgonjwa ndani ni kuua RAID 5 kwa mkono wako.

Usiku mrefu wa kujenga upya

Umeweka diski mpya? Tafuta kiti. Terabaiti 4 kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa 7. Terabaiti 20 kwa megabaiti 200 ni karibu saa 28, tena kama hujagusa kompyuta.

Na muda wote huo diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho. Nyingi zilinunuliwa siku moja, duka moja, zimefanya kazi saa zilezile. Diski isiyozimwa hupiga saa 8,760 kwa mwaka. Ndugu wa marehemu nao si vijana!

Je, wajua watengenezaji wa diski nyingi za nyumbani huahidi kosa la kusoma lisizidi moja kwa kila biti 100,000,000,000,000? Inasikika ni nyingi mno. Igeuze iwe baiti: ni terabaiti 12.5. Na kujenga upya RAID 5 ya diski 4 za terabaiti 4 unasoma 12! Diski nyingi zinafanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini umeona kwa nini watu wanakimbilia RAID 6.

Kuna diski zinazobana mistari ya data ikilaliana kidogo ili iingie mingi. Zinaitwa SMR, na kwenye kujenga upya zinaweza kukokota mno. Mwaka 2020 kampuni ya WD ilikiri hadharani kwamba baadhi ya diski zake za Red ni za aina hiyo, na wenye RAID wakapiga kelele. Soma maelezo ya diski kabla ya kutoa pesa.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika je? Data inaweza kuwa imeshaandikwa na hesabu yake bado, na RAID 5 ikabaki na kumbukumbu isiyolingana. Wewe unayeishi na katikakatika ya umeme, UPS ndogo inakupa dakika za kuzima kistaarabu.

Kelele, moto na muziki

Je, wajua ukizipigia diski kelele zinapunguza kasi? Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg wa Sun Microsystems alizipigia ukelele diski za seva, na grafu ya ucheleweshaji ikaruka pale pale. Video ipo hadi leo. Usijaribu kwenye zako!

Mwaka 2016 jijini Bucharest, benki ya ING ilijaribu mfumo wa gesi ya kuzimia moto. Moto haukuwepo, lakini mlio wa gesi ikitoka ulikuwa mkali kiasi cha kuharibu diski. Huduma zikasimama karibu saa 10.

Na wimbo unaoweza kuangusha kompyuta? Upo! "Rhythm Nation" wa Janet Jackson, wa mwaka 1989, una mlio uliogongana na mtetemo wa diski fulani za laptopu zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika. Raymond Chen wa Microsoft alisimulia mwaka 2022 kwamba hata laptopu iliyokuwa jirani, isiyopiga wimbo, ilianguka.

Diski moja ilianguka kutoka angani, kweli kabisa. Ilikuwa ndani ya chombo cha Columbia kilichosambaratika Februari 2003. Wataalamu waliisafisha, wakaokoa asilimia 99 hivi ya data, na matokeo ya jaribio lililokuwemo yakachapishwa mwaka 2008.

Kwa hiyo diski iliyogoma usiikatie tamaa, ila usiitie friza pia! Unyevu unaoganda juu ya sahani ni adui mpya. Ikigongagonga tik, tik, tik, kichwa kimepotea njia. Zima, maana kila dakika inayoendelea kuzunguka inakupunguzia nafasi ya kuokoa kitu.

Ikiwa bado inasomeka, ipo programu ya bure iitwayo ddrescue. Inachukua kwanza yanayosomeka kwa urahisi, inaweka alama palipogoma, halafu inarudi kuhangaika na mabaki. Umeme ukikatika, inaweza kuendelea ilipoishia.

Na la mwisho, lisikie vizuri

Je, wajua Pixar nusura waipoteze "Toy Story 2" mwaka 1998? Mtu alitoa amri moja ya kufuta, sehemu kubwa ya filamu ikaanza kutoweka, na nakala zao za akiba zikawa hazifai. Iliyowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa mfanyakazi wao Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi kwake kwa sababu ya mtoto mchanga.

RAID isingewasaidia hata chembe. Ukifuta faili, RAID inafuta kwenye diski zote, kwa uaminifu, papo hapo. Virusi, mwizi, mafuriko: hayo yote hayaulizi una diski ngapi.

Mpiga picha Peter Krogh alieneza kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe nje ya nyumba. Tangu mwaka 2011 kuna hata Siku ya Nakala za Akiba Duniani, Machi 31. Lakini wewe usingoje Machi. Leo jioni toa ripoti ya SMART, andika namba za 5, 197 na 199 kwenye karatasi, bandika lebo kwenye kila diski, kisha peleka nakala moja ya picha zako kwa dada au rafiki unayemwamini. Diski zako zote zitakufa siku moja. Hakikisha siku hiyo picha zako zipo mahali pengine.